Kupungua kwa nguvu katika injini ya dizeli yenye tabo

Kupungua kwa nguvu katika injini ya dizeli yenye tabo ni hali ya injini ya boti, kivuko au lori kushindwa kufikia mizunguko yake ya kawaida inapobeba mzigo. Tabo, ambayo mhandisi Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, huzungushwa na moshi wa ekzosi na kushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote na moshi huwa mweusi.

Mazingira ya West Nile

Mji wa Arua, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, hivyo ikidhoofika, malori yanayopitia Koboko kwenda Oraba, mpakani na Sudan Kusini, huelemewa mapema milimani. Kwenye Nile ya Albert, kulikoteremka hadi mita 620 hivi, vivuko kama cha Laropi, kati ya Moyo na Adjumani, hukabiliwa zaidi na joto na magugu maji. Mafuta ya madumu nayo yana historia ndefu: tangu miaka ya 1980 vijana wa Arua walioitwa OPEC Boys waliuza barabarani mafuta ya magendo kutoka Congo. Dumu au pipa lisilo safi huingiza maji na uchafu tangini.

Uchunguzi

Fundi huanza na mzigo: pangaboi lililopinda au kunaswa na magugu huilemea hata injini nzima. Kisha hukagua chujio la hewa, hozi na klampu; mlio wa kupuliza mzigo unapoongezeka ni dalili ya hewa kuvuja. Kwenye boti, magugu yakiziba njia ya maji ya kupoza, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) hushindwa kupoza hewa, nayo hewa ya moto ni nyepesi.

Kwa upande wa mafuta, dizeli kidogo hukingwa kwenye chupa ya kioo kutoka chini ya chujio; maji hutuama chini. Injini ikipata nguvu inapolishwa kutoka dumu safi la pembeni, kasoro iko tangini, kwenye mipira au kwenye chujio.

Tabo hukaguliwa injini ikiwa imezimwa na kupoa. Hozi ikishaondolewa, ekseli hushikwa kwa vidole: mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, ila wa mbele na nyuma haupaswi kuhisika, wala mapanga hayapaswi kugusa nyumba ya tabo. Moshi wa bluu huashiria oili kuungua, pengine inayovuja kwenye tabo au kupita kwenye ringi za pistoni.

Kinga

Injini iliyotoka kwenye kazi nzito huachwa izunguke polepole bila mzigo dakika chache kabla ya kuzimwa, ili oili ipoze tabo. Tabo mpya ikifungwa kabla ya njia ya oili kusafishwa, huharibika kama ile iliyotolewa.