Kioo kilichoondolewa kwenye kamera na utata wa jina lake

NENO ‘kioo’ hubeba mzigo mzito katika Kiswahili. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga, kioo cha kujitazamia huurudisha, na siku hizi simu ikianguka twasema ‘kioo kimepasuka’ tukimaanisha skrini. Basi muuzaji akimwambia mteja kwamba kamera fulani ‘haina kioo’, mteja ana haki ya kushtuka. Itaonaje?

Katika makala haya ninafuata historia ya kioo hicho, kwa sababu naamini istilahi haieleweki vyema pasipo historia ya kitu inachokitaja.

Tuanze na lenzi. Neno hilo tulilipata kupitia Kiingereza, nacho kikalitoa katika Kilatini, ambako ‘lens’ ni kamande. Kipande cha kioo kilichobinuka pande zote mbili hufanana na punje ya kamande. Waarabu nao huiita ‘adasa’, kutokana na ‘adas’, neno lililotupa sisi adesi, yaani kamande hizo hizo. Kumbe lugha mbili zilitazama kioo kimoja zikaona chakula kile kile!

Kioo kinachotuhusu, hata hivyo, ni kile kinachorudisha mwanga. Katika Kine Exakta, kamera iliyotengenezwa Dresden, Ujerumani, mwaka wa 1936, kioo kidogo kiliinamishwa nyuma ya lenzi kwa nyuzi 45. Kilirusha mwanga juu ili mpiga picha aone kile ambacho lenzi inaona. Akibonyeza kitufe, kioo kiliinuka na mwanga ukafika kwenye filamu. Nikon F ya mwaka wa 1959 ikaufanya mtindo huo kuwa chombo cha kazi cha wanahabari wengi. Baadaye kihisi cha kidijitali kilichukua nafasi ya filamu, lakini kioo kikabaki. Hiyo ndiyo DSLR.

Shida ni kwamba kioo kinachoinuka kinahitaji nafasi. Katika Nikon F, lenzi hufungwa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu. Katika mfumo wa Canon EF wa 1987, ni milimita 44. Lenzi za kupiga eneo pana, kwa maumbile yake, hutaka kukaa karibu zaidi. Nikon walipotoa lenzi ya milimita 21 kwa kamera hiyo ya 1959, sehemu yake ya nyuma iliingia ndani mno hata kioo kikabidi kuinuliwa na kufungwa huko juu. Mpiga picha akachungulia kwenye kitazamio kilichobandikwa kando. Dawa ilikuwepo tayari. Mwaka wa 1950, Mfaransa Pierre Angénieux alitoa lenzi yenye vioo vya mbele vinavyotawanya mwanga, hivyo taswira ikajitunga mbali zaidi nyuma ya lenzi. Lakini dawa hiyo ilidai vioo vingi na uzito.

Mwaka wa 2008 Panasonic G1 ikatoka bila kioo hicho. Kihisi chenyewe kilituma taswira kwenye skrini ndogo ya kuchungulia. Mwaka wa 2013 Sony wakaleta Alpha 7, yenye kihisi kinacholingana na filamu ya milimita 35. Mwaka wa 2018 ikawa zamu ya Nikon Z, milimita 16, na Canon RF, milimita 20. Wabunifu sasa wangeweza kuweka vioo vikubwa karibu kabisa na kihisi. Isitoshe, programu huweza kunyoosha mistari iliyopinda kabla mpiga picha hajaiona. Sehemu ya kazi ya lenzi imehamia kwenye hesabu.

Asikuambie mtu, basi, ati lenzi zako za zamani ni takataka. Pete ya milimita 24 huwezesha lenzi ya EF kutumika kwenye kamera ya RF, kwa kuwa inarudisha tu nafasi iliyoachwa na kioo. Kinyume chake hakiwezekani: nafasi huongezwa, haipunguzwi.

Turudi kwenye lugha. Leica M3 ya 1954 haikuwa na kioo cha aina hiyo, wala hakuna aliyeiita ‘isiyo na kioo’. Jina la ukosefu huzaliwa baada ya kitu kuzoeleka, kama vile ‘simu ya mezani’ ilivyopata jina lake refu baada ya kuja simu ya mkononi. Ajabu ni kwamba kamera hii mpya ina lenzi ya vioo, skrini ya nyuma na skrini ya kuchungulia. Vioo ni tele. Kilichotoka ni kimoja.

Kwa maoni yangu, tukiite hicho kimoja ‘kiakisi’, kutokana na kitenzi akisi. DSLR iwe kamera ya kiakisi, na mwenzake kamera isiyo na kiakisi. Mteja hatalijua neno hilo mara moja, lakini atauliza maana yake, na swali hilo ni heri kuliko kuondoka dukani akidhani ameuziwa kamera yenye kasoro.