Mashindano ya dunia ya riadha ya vijana: mtoto ni nani, na mlango uko wapi

Juzi baada ya swala ya Alasiri tumeketi barazani, mzee mmoja akanitupia swali. "Wewe mwandishi, hebu tueleze. Haya mashindano ya dunia ya watoto, mtoto ni nani? Mbona wengine nawaona wana ndevu?" Watu wakacheka. Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa kahawa ilikuwa inapoa, lakini swali lake ni zito kuliko alivyodhani, na kuna mahali linaponigusa mimi mwenyewe. Nitafika huko.

Mashindano yenyewe ni ya Shirikisho la Riadha Duniani. Yalianza Athens, Ugiriki, mwaka 1986, na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Zamani yaliitwa mashindano ya dunia ya chipukizi. Tangu 2016 jina rasmi ni mashindano ya dunia ya walio chini ya miaka 20. Kulikuwa pia na mashindano ya wadogo zaidi, wa chini ya miaka 18, yaliyoanza 1999 mjini Bydgoszcz, Poland, yakamalizikia hapa kwetu Nairobi mwaka 2017. Watu wengi huchanganya mawili hayo, na hata magazeti yamewahi kuchanganya.

Sasa tuje kwa ndevu za mzee. Umri hauhesabiwi kwa siku ya mbio. Huhesabiwa kwa tarehe 31 Disemba ya mwaka wa mashindano. Siku hiyo mwanariadha awe na miaka 16, 17, 18 au 19. Atakayetimiza 20, hata kama ni siku hiyo ya mwisho ya mwaka, hana nafasi. Kwa hivyo siku na mwezi wa kuzaliwa havina kazi kubwa. Mwaka ndio kila kitu. Kwa mashindano ya 2026, ambayo zamu yake ni ya Eugene, Marekani, mlango uko wazi kwa waliozaliwa 2007 hadi 2010 peke yao. Kijana wa miaka 19 kufuga ndevu si ajabu, na si lazima awe amedanganya.

Michezo ni karibu ile ile ya wakubwa, isipokuwa marathoni haimo. Wavulana hupunguziwa kidogo: tufe lao ni la kilo 6 badala ya kilo 7.26, na viunzi vya mita 110 viko chini kidogo ya vile vya wanaume. Wasichana hawapunguziwi uzito; wanarusha tufe, kisahani na mkuki ule ule wanaorusha mama zao. Matembezi ya haraka ni ya mita 10,000, tena ndani ya uwanja. Na kuna sharti moja linaloiumiza Kenya kila mara: nchi haiwezi kushindanisha zaidi ya watu wawili katika mchezo mmoja. Kijana wetu wa tatu katika kuruka viunzi na maji anaweza kuwa ni wa nne duniani, na bado akatazama fainali kwenye simu akiwa kwao.

Waliopitia mashindano haya ni wengi. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda mita 5,000 na 10,000 mjini Seoul mwaka 1992, na katika ile ya 10,000 Mkenya Josephat Machuka alimpiga ngumi ya kichwa karibu na utepe, akanyang'anywa nafasi ya pili. (Wazee wanaosema vijana wa siku hizi ndio hawana adabu, hiyo ilikuwa 1992.) Miaka miwili baadaye mjini Lisbon, Daniel Komen akazitwaa mbio hizo hizo mbili. David Rudisha alishinda mita 800 Beijing mwaka 2006, na Faith Kipyegon mita 1,500 Barcelona mwaka 2012. Usain Bolt alishinda mita 200 mbele ya watu wake mjini Kingston mwaka 2002, akiwa na miaka 15. Aliruhusiwa kwa sababu alitimiza 16 mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mwaka wa kuzaliwa tena, mnaona.

Lakini ubingwa wa ujana si hundi ya benki. Mwaka 2018 mjini Tampere, Finland, vijana wawili wa Kenya walimshinda Jakob Ingebrigtsen wa Norway: George Manangoi katika mita 1,500 na Edward Zakayo katika 5,000. Ingebrigtsen ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo zote mbili.

Nairobi ilikuwa ipokee mashindano haya mwaka 2020. Korona ikayasogeza hadi Agosti 2021, na yakafanyika Kasarani bila mashabiki. Miaka minne kabla, kwa wale wa chini ya 18, uwanja huo huo ulifurika siku ya mwisho. Safari hii ukimya ulikuwa mwingi hata kwenye televisheni ulisikia makocha wakipiga kelele. Marekani hawakuleta timu. Kenya iliongoza jedwali kwa medali 16: dhahabu 8, fedha 1, shaba 7. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa miaka 17, alishinda mita 800 kwa dakika 1:43.76, na mwaka 2024 akawa bingwa wa Olimpiki kule Paris. Heristone Wanyonyi alishinda matembezi ya haraka, jambo ambalo hata sisi wapenzi wa riadha hatukulitarajia.

Hebu ziangalie dhahabu zile nane. Moja ya matembezi, saba za mbio, na hakuna hata moja iliyo fupi kuliko mita 800. Mita 100 ilichukuliwa na Letsile Tebogo wa Botswana, 200 ya wavulana na Udodi Onwuzurike wa Nigeria, 200 ya wasichana na Christine Mboma wa Namibia. Waafrika wote. Tebogo alirudi mwaka uliofuata mjini Cali, Colombia, akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.91, rekodi ya dunia ya umri huo, na 2024 akashinda mita 200 za Olimpiki. Botswana ni nchi ya watu milioni mbili na ushei. Mkoa wetu wa Pwani wa zamani pekee una watu zaidi ya hao.

Hapo ndipo ninapolaumu, na simlaumu Mnandi wala Mkalenjin yeyote. Sisi hatukuzaliwa mlimani. Mwili uliolelewa kwenye joto na usawa wa bahari una michezo yake: mbio fupi, miruko, kurusha. Nasema hivi kwa kuwa niliona kwa macho yangu joto letu linavyofanya kazi. Machi 2007 Mombasa ilipokea mbio za nyika za dunia, pale uwanja wa gofu karibu na bahari. Nilisimama nyuma ya kamba tangu adhuhuri. Asbel Kiprop alishinda mbio za wavulana chipukizi na Linet Masai za wasichana. Katika mbio za wanaume wakubwa, Kenenisa Bekele, ambaye tulidhani hachoki, alisimama njiani kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Watu walishangilia hadi sauti zikakauka. Siku ya pili uwanja ukarudi kuwa wa gofu, nasi tukarudi kwenye mpira.

Mpwa wangu alikuwa mdogo wakati huo. Amezaliwa 2002, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Alipofika sekondari alikuwa anakimbia mita 400 kwenye uwanja wa vumbi uliochorwa kwa majivu, na mwalimu wake wa michezo, mtu mpole asiye na makuu, alimpima mara tatu kwa sababu hakuiamini saa yake. Mwaka 2021 akasema kijana apelekwe kwenye mchujo. "Leteni cheti cha kuzaliwa tu," alisema.

Cheti kilikuwepo. Kiliandikwa 2001.

Mwaka mmoja. Kwa shule, kwa kitambulisho, kwa maisha ya kawaida, mwaka mmoja hausumbui mtu. Kwa mashindano yale mlango ulikuwa wa waliozaliwa 2002 hadi 2005. Dada yangu alinitazama akasema, "Kaka, wewe ndiye msomi wetu. Nenda kaseme nao." Nikaenda. Ofisi gani sitaitaja. Niliambiwa nilete kadi ya kliniki. Ilishaliwa na mchwa. Nikaambiwa nilete hati ya kiapo, nikaleta. Barua ya chifu, nikaleta. Njoo Jumatatu. Faili iko juu. Aliyeishika faili yuko likizo. Marekebisho yalitoka, alhamdulillahi, miezi miwili baada ya mashindano kwisha.

Sisemi angeshinda. Sisemi hata angeteuliwa. Mita 400 ina vijana wengi wakali nchini. Na lawama si za ofisi peke yake. Cheti kile nilikichukua mimi, mwaka aliofanya mtihani wa darasa la nane. Nilitia sahihi, nikakikunja, nikakitia mfukoni, wala sikukisoma. Siku nilipomweleza mpwa wangu hilo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, kwani ulikuwa na haraka gani?" Sikuwa na haraka yoyote.

Kwa hivyo mzazi mwenye mtoto anayekimbia, au anayeruka, au anayerusha jiwe mbali kuliko wenzake, afungue sanduku leo asome mwaka, si jina tu. Pasipoti itafuata mwaka huo huo wa cheti, na ukishaingia kwenye fomu za chama cha riadha, kuubadilisha huonekana kama ujanja hata ukiwa mkweli, kwa sababu wako waliodanganya kweli na wakatuharibia wengine. Ombi la marekebisho lipelekwe mapema, mwaka mzima kabla, si wiki ya mchujo.

Mpwa wangu sasa anaendesha tuktuk. Jioni anamkimbiza dada yake mdogo kwenye mchanga, maji yakitoka. Msichana amezaliwa 2011, na mashindano ya 2028 yatakuwa ya waliozaliwa 2009 hadi 2012. Cheti chake nimekisoma mara tatu.