Kiswahili cha Majini: Wahakiki wa Michezo ya Video na Masikio ya Mgololo

Mgololo ni mji wa karatasi. Kiwanda kilichojengwa huko, katika Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, kilianza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills, kikitegemea misonobari ya Shamba la Miti la Sao Hill. Kilisimama katika miaka ya 1990, kikabinafsishwa mwaka 2004 na kuitwa Mufindi Paper Mills. Makazi yaliyokizunguka yaliwakusanya Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa na wengine waliotoka mbali zaidi, na lugha waliyokutania ikawa Kiswahili. Historia ya mji wa namna hii kwa kawaida huandikwa kwa tani, madeni na ajira. Makala haya yanauendea kwa mlango mdogo zaidi, yaani banda la gemu, na hukumu zilizotolewa humo juu ya michezo ya video.

Hoja ninayoitetea ni hii. Mjadala uliotikisa zaidi taswira ya Afrika katika michezo ya video, ulioanza mwaka 2007, ulihusu mchezo ambao maadui wake hupiga kelele kwa Kiswahili. Kwa sehemu kubwa uliendeshwa na wahakiki ambao kwao Kiswahili hicho kilikuwa kelele tu. Vijana waliokielewa hawakuandika lolote. Upungufu huo haukuwa wa idadi ya sauti peke yake. Ulibadilisha kile kilichohesabiwa kuwa kosa.

Kabla ya kufika huko, yafaa tuulize kwa nini uhakiki wa michezo hii ulichelewa Tanzania Bara. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo, runinga zikiwamo. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuanza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, kituo binafsi cha ITV kilipoanza. Michezo kama Space Invaders ya 1978 na Pac-Man ya 1980 ilipita bila kutugusa. Mashine za Mgololo zilipoanza kuviringisha karatasi, Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni.

Tulirukwa pia na ugomvi wa kimaadili ulioufuata. Mwaka 1993 Baraza la Seneti la Marekani lilijadili damu iliyomwagika katika Mortal Kombat, na mwaka uliofuata ukaundwa mfumo wa kupanga michezo kwa umri wa mchezaji. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilikuwa na neno “michezo” katika jina lake, lakini ilikusudia jukwaa. Neno lenyewe lina upana wa kutatiza: bao ni mchezo, kandanda ni mchezo, tamthilia ni mchezo, na mzazi anayesema mwanawe “anacheza” huwa tayari amekwisha kutoa hukumu. Kwa hiyo mashine za PlayStation zilipofika, zilifika bila msamiati wa kuzihakiki. Msamiati huo ulitengenezwa bandani.

Nilikulia karibu na banda moja la aina hiyo: mabati, viti vya mbao, runinga mbili, na mwenye banda aliyekaa mlangoni akipokea sarafu. Mchezaji alilipa kwa mechi, naye aliyefungwa aliinuka. Waliosimama nyuma hawakulipa kitu, nao ndio waliosema zaidi. Aliyewahi kusimama pembeni ya bao anaujua utaratibu huu. Mtazamaji wa bao hanyamazi, na mara nyingi anaiona kete kabla ya mwenye zamu. Tofauti ni kwamba bandani hukumu haikuishia kwa mchezaji. Ilimfikia na aliyeutengeneza mchezo.

Mfano ulio wazi ni Tekken 3, uliotoka mwaka 1997. Mpiganaji wake Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa kapoera, alimwezesha mgeni asiyejua lolote kushinda kwa kubofya vitufe vya mateke ovyo. Bandani aliyemchagua Eddy alidharauliwa hata akishinda. Hiyo ni hukumu ya kiufundi, kwamba mchezo umemlipa mchezaji kwa kazi ambayo hakuifanya. Vivyo hivyo, katika Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006, shuti la Adriano wa Inter Milan lilikuwa na nguvu isiyozuilika, na wachezaji wakapatana kutoichagua timu yake. Katazo hilo ninalihesabu kuwa uhakiki kamili. Limetambua kasoro, limeitaja na kuirekebisha, jambo ambalo mhakiki wa gazeti hawezi kulifanya kwa kalamu. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilipata hukumu ya namna nyingine. Maagizo yake yalikuwa ya Kiingereza na muda ulikuwa wa kulipia, hivyo karibu hakuna aliyefuata hadithi, tulizurura tu. Ng’ambo wahakiki walibishana juu ya ujambazi wa mhusika mkuu, na sisi tulibishana kama mlima ule unapandika kwa baiskeli.

Resident Evil 5 ya kampuni ya Capcom ilitoka Machi 2009, karibu miaka miwili baada ya picha zilizozua mjadala kuoneshwa. Chris Redfield, askari Mmarekani mweupe, anafika katika eneo la Afrika linaloitwa Kijuju na kuwafyatulia risasi wakazi walioambukizwa vimelea. Mwandishi Mmarekani N’Gai Croal, aliyekuwa Newsweek, alisema mwaka 2008 kwamba picha hizo zilichota kutoka katika historia ndefu ya kuwachora watu weusi kama kundi lisilo na utu, na kwamba waliozitengeneza hawakuonesha dalili ya kuijua historia hiyo. Mapema mwaka 2009 Dan Whitehead wa Eurogamer aliyaona ndani ya mchezo wenyewe mabaki ya picha za kikoloni. Upande wa pili, bodi ya Uingereza inayopanga filamu na michezo kwa umri ilimwomba ushauri Glenn Bowman, mhadhiri wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Kent, ambaye hakuona ubaguzi. Aliona hata dalili za kuupinga ukoloni, kwa kuwa chanzo cha maradhi ni kampuni za kigeni. Wengine walimtaja Sheva Alomar, mwenzake Chris aliye Mwafrika, kama ushahidi wa utetezi.

Hoja hizi ni nzito, na Croal hasa anastahili kusomwa hadi leo. Lakini zote ni hoja za macho. Zinauliza nani anampiga nani, ana rangi gani, anasimama wapi. Mchezo huo ulipofika bandani kwetu, miaka kadhaa baada ya kutoka, jambo la kwanza lililotokea ni kicheko. Maadui walikuwa wakipayuka, na tuliyatambua maneno. Mzee mmoja aliyepita mlangoni aliuliza wale ni watu wa wapi. Akajibiwa kwamba wanasema Kiswahili, ila si chetu. Sijasikia uhakiki bora zaidi wa mchezo ule.

Tuyachukue majina tu, kwa kuwa yameandikwa na yeyote anaweza kuyachunguza. Maadui wanaitwa Majini, neno ambalo mchezo unalitumia kwa maana ya pepo wabaya. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba jini si lazima awe mbaya. Yapo majini yanayohesabiwa kuwa na dini, yapo yanayorithiwa katika ukoo, yapo yanayoombwa msaada wa tiba. Jini ana matakwa, hujadiliwa, hupewa anachotaka. Kumwita jini mtu aliyenyang’anywa akili na vimelea ni kumtoa jini katika kitu kinachomfanya awe jini, yaani utashi wake. Mdudu wa kutisha anayeruka anaitwa Kipepeo, jina ambalo mtoto wa Mufindi huliimba shuleni. Dubwana lenye mabawa ya popo linaitwa Popokarimu, na mtu akilisikiliza kwa sikio la Kiswahili atapata popo mkarimu, popo asiyemnyima mgeni. Bui Kichwa ni buibui aliyekatwa nusu. Kijuju chenyewe kinasikika kama juju, neno la Afrika Magharibi, lililovikwa kiambishi cha Kiswahili.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni makosa ya kamusi, madogo mbele ya suala la rangi. Ninadhani sivyo. Watengenezaji walihitaji lugha halisi ili mahali pa kubuni paonekane pa kweli, lakini hawakumtarajia mtu wa lugha hiyo kuwa mchezaji. Majina hayo yanatuonesha mchezaji waliyemfikiria alikuwa nani, na ushahidi huo ni thabiti kuliko rangi ya askari kwa sababu hauwezi kufutwa kwa kumwongezea Chris rafiki Mwafrika. Kama Bowman angeyasoma majina hayo kwa Kiswahili, swali lake lingebadilika. Asingeuliza tu kama Waafrika wa Kijuju wanadhalilishwa. Angeuliza pia kama mchezo unawatambua kuwa wanasema kitu.

Ubaya huu hauko katika michezo ya kutisha peke yake. Miaka minne nyuma, mwaka 2005, Civilization IV ilifunguliwa kwa wimbo “Baba Yetu” wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Februari 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Sifa zilizoandikwa juu yake zilihusu ukubwa wake, matumaini yake, hisia ya binadamu wote kuamka pamoja huku dunia ikizunguka kwenye skrini. Nami naupenda. Hata hivyo, kwa muumini wa parokia yoyote ya Nyanda za Juu Kusini maneno hayo si sauti ya asili ya binadamu. Ni sala ya asubuhi, iliyofasiriwa na wamisionari, yenye tarehe na historia yake. Lugha iliyotumika kwa pepo wa Kijuju na lugha iliyotumika kwa alfajiri ya ustaarabu ni moja, na katika kazi zote mbili imepewa jukumu la kusikika bila kueleweka. Pongezi inaweza kuziba masikio sawasawa na dharau.

Toleo la sita la mfululizo huohuo lina dola-mji ya Zanzibar, ambayo humpa mshirika wake mdalasini na karafuu, bidhaa za anasa zinazoongeza furaha ya raia. Mwanahistoria hatakosa kukumbuka ni mikono ya nani iliyochuma karafuu za Unguja na Pemba katika karne ya 19. Mchezo umeihesabu furaha ya mlaji na kumwacha mtumwa nje ya hesabu. Hapa mhakiki hahitaji hata kujua Kiswahili. Anahitaji kujua zao.

Afrika Mashariki yenyewe haikukaa kimya. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mwaka uleule picha za Kijuju zilipooneshwa, na mwaka 2015 ikaja Nairobi X, ambamo jiji linavamiwa na viumbe kutoka anga za juu. Kazi hizi zilisifiwa zaidi kwa kuwapo kuliko kwa jinsi zilivyo, na sifa ya namna hiyo haimfundishi mtengenezaji chochote. Banda lisingemhurumia.

Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza kwa kumbukumbu ya marehemu baba yake. Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, akitaka arudishiwe baba. Wahakiki wengi walisifu namna msiba ulivyosimuliwa; baadhi waliona mapigano na ruka-ruka zake ni za kawaida. Salim mwenyewe alilazimika kujibu hadharani matusi ya kibaguzi yaliyoelekezwa kwa mchezo na kwa wenzake. Kwa mada yetu jambo kubwa ni jingine: mchezo huu unaweza kuchezwa wote kwa sauti za Kiswahili. Anayeomboleza, anayebishana na mauti, anayefundisha na anayekosea, wote wanasema, na mchezaji anatakiwa awaelewe ndipo ajue la kufanya.

Hata hivyo Kiswahili hicho ni chaguo, na Kiingereza kipo palepale kando yake. Mhakiki anaweza kuumaliza mchezo wote, akaupa alama na kuichapisha hukumu yake, bila kulisikia neno moja la Zau kwa Kiswahili. Kama fasiri ile ina ladha, kama maombolezo yake yanafanana na maombolezo ya nyumba yenye msiba, kama Kalunga anasemeshwa kwa adabu anayostahili mwenye umri wake, hayo hayawezi kuamuliwa kwa kusoma tafsiri chini ya skrini. Ni kazi ya mtu atakayekaa kwenye kiti cha mbao, afungue sauti, na wenzake wasimame nyuma yake.