Land Rover Haikuwahi Kuwa na Injini Moja

Wapo wanaoamini kwamba Land Rover ya zamani ikishatolewa injini iliyotoka nayo kiwandani na kutiwa dizeli ya Toyota au Nissan, imeacha kuwa Land Rover. Kauli hiyo ni ya wakusanyaji wa magari ya kale zaidi kuliko ya watu wa Loliondo au Maralal, ambao gari hilo ndilo linalowafikisha mnadani. Lakini historia ya gari lenyewe haiwaungi mkono wakusanyaji. Mfano wa kwanza, uliobuniwa na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover mwaka 1947, ulijengwa juu ya chasisi ya Jeep ya Marekani na kufungwa injini ya gari dogo la Rover. Gari lilipozinduliwa Amsterdam Aprili 1948, injini yake ya petroli ya lita 1.6 ilikuwa imeazimwa kutoka gari la saluni la kampuni hiyo hiyo. Ile V8 ya lita 3.5 iliyoipa sifa Range Rover ya 1970 ilibuniwa na Buick wa Marekani, Rover wakanunua haki ya kuiunda. Waaustralia ndio waliovuka mipaka kabisa: Land Rover 110 za jeshi lao, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, zilitengenezwa zikiwa na dizeli ya Isuzu ya lita 3.9. Fundi wa Arusha anayefunga injini ya Kijapani hajaanzisha jambo geni.

Huku kwetu sababu ya kubadili injini haikuwa mapenzi ya mitambo. Land Rover ilipata dizeli yake ya kwanza, ya lita 2.0, mwaka 1957; mwaka 1961 ikaja ya lita 2.25 yenye nguvu farasi 62. Kwa gari lililosheheni watu na magunia, likipanda ukingo wa Bonde la Ufa, hizo ni chache. Hata hivyo uchache wa nguvu huvumilika. Kinacholaza gari juu ya mawe ni kukosa spea. Kenya ilikuwa na nafuu kiasi, kwa kuwa magari hayo yaliunganishwa Thika, lakini Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikuwa na fedha za kigeni, na gari likiharibika pampu ya dizeli liliweza kukaa hivyo hivyo hadi nyasi zikaota kwenye bodi. Mwaka 1983 daladala za watu binafsi ziliruhusiwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Baadaye zikamiminika HiAce, na Kenya matatu za Nissan, zikiwa na injini za dizeli za aina ya 2L, 3L na TD27. Vipanya hivyo vilipochakaa, injini zake zilibaki sokoni, Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, pamoja na gasketi, nozeli na mafundi wanaozijua kwa kusikiliza mlio tu. Kwa hiyo ukifungua boneti ya Land Rover ya mwaka 1970 ukakuta 3L, unaona alama ya biashara ya usafiri wa mjini ndani ya gari la porini. Ushahidi wa namna hiyo haumo kwenye gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani Solihull.

Kazi yenyewe hudai vipimo kuliko nguvu. Matundu ya bolti ya injini na ya giaboksi hayalingani, wala klachi ya moja haikubali shafti ya nyingine. Mkerezaji hukata bati nene la chuma, akatoboa safu moja ya matundu kwa ajili ya injini na nyingine kwa ajili ya giaboksi, kisha akakereza bushi ya kushika ncha ya shafti katikati ya flaiwili. Vitovu vya injini na giaboksi vikipishana hata kidogo, klachi hutetemeka na beringi huanza kulia mapema. Mwenye pupa huona afadhali achukue Hilux ya dizeli na kuhamisha injini, giaboksi na transfa vyote pamoja. Tatizo ni kwamba difu ya mbele ya Land Rover iko kulia, na transfa ya Hilux hutoa propela shafti kushoto. Ya Land Cruiser hutoa kulia, ndiyo maana huhitajika zaidi, na bei yake hulijua hilo.

Pingamizi lenye uzito ni la mitambo. Ekseli za nyuma za Series, yaani Land Rover za zamani, zilikuwa zikikatika hata kwa injini yake halali, sembuse kwa 1HZ, dizeli ya lita 4.2 ya Land Cruiser. Hilo ni kweli, na wanaofunga 1HZ bila kugusa difu wala breki wanatafuta balaa. Lakini jibu ni kuchagua injini inayolingana na gari na kurekebisha kilicho nyuma yake. Kwa difu ya asili ya 4.7 na tairi za 7.50-16, injini huzunguka takriban mara 2,900 kwa dakika kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Difu ya 3.54, iliyotumika kwenye Range Rover na Discovery, huishusha hadi karibu 2,200, na dizeli yenye msukumo mzuri kwenye mizunguko ya chini huweza kuivuta.

Pingamizi la uasilia ni dhaifu zaidi, kwani Waingereza wenyewe huchukua dizeli ya 200Tdi kutoka Discovery zilizoliwa na kutu na kuzifunga kwenye Series zao. Ila lina chembe moja ya haki, nayo haihusu injini. Bati la kuunganishia hufunguliwa kwa spana, na injini ya awali, ikiwa imehifadhiwa, hurudi mahali pake siku yoyote. Chasisi iliyokatwa membari, yaani chuma chake cha kukingama, ili giaboksi ndefu ya Toyota ipate nafasi hairudi. Mkusanyaji anayetaka kugombana na fundi angeanzia kwenye membari hiyo, na kuiacha injini ya HiAce iendelee kubeba watu.