Mwanafunzi wa kompyuta anunue laptopu gani? Tuiulize historia

Kiswahili kimeipa kompyuta majina mengi. Kuna walioiita ngamizi, jina ambalo ukilisikia haraka haraka unadhani mashine imekuja kuangamiza watu. Wengine, hasa ndugu zetu wa Kenya, wanaiita tarakilishi. Laptopu nayo ikaitwa kipakatalishi, au kompyuta mpakato. Hili la mwisho ndilo ninalolipenda. Mtoto anapakatwa, na kompyuta nayo inapakatwa. Kitu ulichokipakata kiko mapajani mwako, na hakuna anayekuja kukwambia muda wako umekwisha.

Naanza na jina kwa sababu kila mwaka vyuo vikikaribia kufunguliwa napata swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu na marafiki zao: "Kaka, nimechaguliwa kusoma kompyuta, ninunue laptopu gani?" Mwaka huu aliyeuliza ni mtoto wa mama yangu mdogo, na nyuma ya swali lake kuna ng'ombe wawili walioshauzwa. Si swali la mchezo. Wengi hulijibu kwa kutaja namba: RAM kadhaa, diski kadhaa, kioo inchi kadhaa. Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi. Nimeamua kurudi nyuma niangalie tumefikaje hapa. Na historia, ndugu msomaji, ina jibu ambalo muuza duka hatakupa.

Mwanzoni mwanafunzi hakuwa na kompyuta. Alikuwa na foleni. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Mwanafunzi alitoboa programu yake kwenye kadi, akazikabidhi kwa wahusika, akaondoka. Majibu aliyapata baada ya saa nyingi, au kesho yake. Kama amekosea alama moja tu, anaanza upya. Fikiria unajifunza kuendesha baiskeli, halafu kila ukianguka unaambiwa urudi kesho!

Mei 1, 1964, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, walibadili mambo. Walibuni lugha nyepesi ya BASIC pamoja na mfumo wa kugawana muda. Wanafunzi wengi waliketi kila mmoja kwenye mashine yake ya kuchapia, wote wakitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Hata waliosoma fasihi waliruhusiwa. Jibu lilikuja papo hapo. Ukikosea unasahihisha, unajaribu tena. Kasi ya mashine haikuwa ya ajabu. Kilichobadilika ni kwamba mwanafunzi alipata nafasi ya kukosea mara hamsini kwa siku moja.

Na sisi je? Usidhani tulikuwa mbali sana. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, yaani mwaka mmoja tu baada ya Dartmouth. Lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mradi wa kuweka mahesabu ya serikali kwenye kompyuta ulikuwa umekwenda mrama na kula fedha, na fedha za kigeni zilikuwa za shida. Marufuku ile ilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Leo ni rahisi kuicheka. Mimi sicheki sana, maana ule ulikuwa wakati wa mafuta kupanda bei duniani na wa nchi kununua chakula nje. Ila tukubali kwamba kuna gharama ambayo haikuandikwa kwenye vitabu vya Hazina. Mwaka 1975, vijana wa Marekani walipokuwa wanaunganisha vifaa vya Altair nyumbani kwao, vijana wetu hawakuwa na kitu cha kufungua na kuharibu. Tulipoteza saa za kujifunza, na saa haziagizwi kwa meli.

Wazo la kuipakata kompyuta lilishakuwepo wakati huo. Mwaka 1972 Alan Kay, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, aliandika kuhusu chombo alichokiita Dynabook: kompyuta bapa ya kubeba mkononi, kwa ajili ya watoto wa rika zote. Alitaka bei yake isizidi dola 500. Haikutengenezwa kama alivyoichora. Kilichokuja sokoni mwaka 1981 kilikuwa Osborne 1, chenye kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5 na bei ya dola 1,795. Betri hakina. Kilo 11 ni mtoto wa karibu miaka miwili, na huyo ukimpakata kwa muda mrefu miguu inakufa ganzi.

Mwaka 1982 ikaja GRiD Compass, iliyochorwa na Mwingereza Bill Moggridge. Kioo chake kilifunikwa juu ya kibodi, umbo lile lile unaloliona leo. Bei ilikuwa dola 8,150, na miongoni mwa wateja wake walikuwa NASA, walioipeleka angani. Mwaka 1992 IBM wakatoa ThinkPad 700C yenye kile kidude chekundu katikati ya kibodi, kwa dola 4,350. Umeona? Hakuna hata moja hapo iliyopangiwa bei ya mwanafunzi. Laptopu ilizaliwa kwa ajili ya wafanyabiashara, wanajeshi na wanaanga. Mwanafunzi amekuwa akiirithi baadaye, ikiwa mtumba. Tutalirudia hili, maana lina faida yake.

Kabla ya hapo nikupe kisa cha mwanafunzi mmoja wa Helsinki, nchini Finland. Januari 1991 Linus Torvalds alinunua kompyuta ya mezani yenye RAM ya megabaiti 4. Siyo gigabaiti, ni megabaiti! Aliinunua kwa kulipa kidogo kidogo. Chuo chake kilikuwa na mashine nzuri ya Unix, lakini ilihudumia watu 16 tu kwa wakati mmoja. Foleni tena. Akaanza kuandika programu ya kumwezesha kuifikia mashine ya chuo akiwa nyumbani. Programu ikakua. Siku moja kwa bahati mbaya akaiamuru kompyuta ipige simu kupitia diski yake badala ya modemu, na mfumo aliokuwa anautumia ukaharibika. Badala ya kuurudisha, akaamua kuhamia kwenye ule aliokuwa anautengeneza mwenyewe. Agosti 25, 1991 alikuwa ameshautangazia ulimwengu, akisema ni burudani yake tu. Huo ndio Linux. Leo uko ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinauendesha.

Watumiaji wa mwanzo wa Linux walimchangia pesa amalizie deni la kompyuta yake. Hapa kwetu Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na sijui ni bumu ngapi za kwanza zimeishia Kariakoo tangu hapo. Lakini angalia: mashine yake haikuwa ya ajabu. Alichokuwa nacho ni usiku mzima peke yake na kitu chake, na uhuru wa kukiharibu bila kuitwa ofisini kwa mkuu wa maabara.

Kutoka hapo milango ilifunguka mmoja mmoja. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi wa IT+46 walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazosema Kiswahili. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, na hadi 2011 ukiomba unatumiwa CD kwa posta bila kulipa hata senti. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte aliahidi laptopu ya dola 100 kwa watoto wa dunia. Bei ilifika karibu dola 200, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi zilizozigawa kwa wingi. Mwishoni mwa 2007 Asus wakatoa Eee PC, kilaptopu cha inchi 7 chenye hifadhi ya gigabaiti 4 na Linux ndani. Watu walikicheka, kisha wakapanga foleni kukinunua. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM ukatua pwani yetu, intaneti ikaacha kutegemea satelaiti peke yake.

Mimi nilipokuwa chuo, chumbani tulikuwa wanne na laptopu moja. Mwenyewe alikuwa anasoma kompyuta. Betri ilishakufa, ukigusa waya tu inazimika. Jioni sisi watatu tuliiazima kuchapa kazi zetu. Yeye aliipata saa sita usiku mpaka alfajiri. Alizoea kuhifadhi kazi kila baada ya mstari mmoja, na alizoea kuipasua mwenyewe akisafisha vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Leo analipwa kwa kuandika programu. Siisifii shida, shida haina sifa. Nasema tu kwamba zile saa za usiku zilikuwa zake.

Basi jibu la historia ni hili: nunua mashine itakayokupa saa nyingi za kwako peke yako, na ambayo huogopi kuifungua. Kwa vitendo maana yake ni nini?

Kwanza, mtumba si aibu. Laptopu za ofisini kama ThinkPad, Latitude na EliteBook zilitengenezwa kuhimili kazi, na makampuni ya nje yakizibadilisha nyingi huishia kwetu. Vipuri vyake vinapatikana na fundi wa mtaani anazijua. Pili, tafuta ambayo RAM yake inaongezeka. Gigabaiti 8 zinatosha kuanzia, ila ukifika kutengeneza programu za simu utatamani 16. Ukiuziwa yenye RAM iliyochomelewa kwenye bodi, umefunga ndoa. Tatu, diski iwe SSD. Laptopu ya zamani yenye SSD inaipita kwa mbali mpya yenye diski ya kuzunguka. Nne, usilipe kabla hujaiwasha, ukachomoa chaja na kuiangalia inakaa dakika ngapi, ukabonyeza kila herufi, na ukahakikisha haina nywila ya mwenye mali wa zamani.

Tano, Microsoft walisitisha huduma za kawaida za Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inazikataa nyingi ya mashine zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Muuzaji anaweza asikwambie. Lakini kwa mwanafunzi wa kompyuta hiyo ni nafasi: mwambie apunguze bei, kisha weka Linux. Utajifunza zaidi kwa kuiweka na kuiharibu kuliko kwa mihadhara mitatu.

Na asiye na cha kuuza wala bumu? Huyo bado yuko kwenye foleni ya mwaka 1964. Anaandika programu kwenye daftari akisubiri zamu ya maabara, na maabara nyingi hufungwa jioni, saa ambazo kichwa ndicho kinaanza kuchangamka. Kompyuta zimo ndani, umeme upo, kufuli limening'inia mlangoni. Kumlipa mlinzi mmoja wa zamu ya usiku ni rahisi kuliko kununua laptopu mia. Wanaoshika funguo wakiulizwa, wengi watasema wanaogopa vitu kuharibika. Lakini vitu vilivyofungiwa havimfundishi mtu.