Neno 'Baada' Kule Hola

Machi 3, 1959, kwenye kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, askari magereza waliwapiga kwa marungu mahabusu wa Mau Mau ili wakubali kazi ya shamba. Watu 11 walikufa. Kesho yake serikali ya kikoloni ikatoa taarifa: vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwa mkokoteni wa maji.

Hebu soma hiyo sentensi tena, polepole. Maji walipewa, ni kweli. Kufa walikufa, ni kweli. Ujanja uko kwa neno "baada". Haisemi maji yaliwaua. Wewe msomaji ndiye unamalizia. Na marungu je? Hayajatajwa popote.

Madaktari walipopasua maiti walikuta majeraha ya kipigo, na uchunguzi wa vifo ukasema hivyo. Julai mwaka huo, Enoch Powell, mbunge wa chama tawala Uingereza, alisimama bungeni London akaikosoa serikali ya chama chake mwenyewe.

Kwa hivyo ukimfunza mdogo wako historia, usimwachie tarehe tu akariri. Mwekee hiyo taarifa kando ya matokeo ya madaktari, halafu muulize: nani aliandika? Ukweli ukijulikana, angepoteza nini? Na ni kitu gani hakijasemwa? Akizoea hayo maswali, siku atasoma kwamba kijana fulani "alifariki baada ya kukamatwa", hatapita haraka. Atauliza: baada ya kukamatwa, kulifanyika nini?