Pigo na Mdundo: Isiolo na Hesabu ya Mizani

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa kwa wingi katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili pasipo kufafanuliwa ni mdundo. Wapo wahakiki wanaoitumia kwa maana ya pigo, na wapo wanaoichukulia kuwa ni mizani kwa jina jingine. Katika makala haya tunadai kwamba mkanganyo huu una historia yake, na kwamba umewagharimu baadhi ya washairi wetu.

Tuanzie Isiolo, mbali na pwani. Katika mji huo wanamoishi Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, neno ngoma humtatiza msemaji wa Kiswahili. Vijana wa Kisamburu huimba na kucheza pasipo chombo chochote cha kuwambwa ngozi, nasi hulazimika kusema kuwa hiyo ni ngoma isiyo na ngoma. Hata hivyo, pigo lipo. Limo katika nyayo zinazotua pamoja baada ya kuruka, na katika mkoromo wa pumzi wa kundi linaloitikia. Hurudi kwa vipindi sawa, na mgeni aweza kulihesabu. Sauti ya kiongozi, kwa upande wake, hailifuati kitumwa: hutangulia, hurefusha silabi hata pigo likapita chini yake, kisha hukutana nalo mwishoni mwa kauli. Mpangilio huo wa marefu na mafupi, wa mazito na mepesi, ndio tunaouita mdundo. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alikwisha kueleza, katika The Music of Africa (1974), kwamba pigo linaloratibu muziki wa Kiafrika si lazima lisikike katika ala. Laweza kukaa katika makofi au katika mwili wa mchezaji.

Tofauti hii ilipoteaje kwetu? Neno mizani tumelipata kwa Waarabu, ambao arudhi yao, iliyoratibiwa na al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, hupima silabi ndefu dhidi ya fupi. Kiswahili hakina upambanuzi huo wa irabu, hivyo iliyobaki kwetu ni idadi tu. Zamani jambo hilo halikuleta dhara. Utenzi wa Tambuka, unaonasibishwa na Pate ya mwaka 1728, ulighaniwa mbele ya wasikilizaji, na mahadhi yalikamilisha kile ambacho hesabu haikukitaja. Hata Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Waliomfuata madarasani walichukua hesabu, wakauacha wimbo.

Natuzingatie vipande viwili tulivyovitunga kwa ajili ya mfano huu: "baba mama dada kaka" na "mtoto alikimbia". Kila kimoja kina mizani 8. Msomaji akipiga makofi manne, moja kwa kila silabi mbili kuanzia ya kwanza, mikazo yote minne ya kipande cha kwanza itaangukia makofi. Katika cha pili mikazo ni miwili, kwenye silabi ya 2 na ya 7: wa kwanza unaangukia katikati ya makofi, wa pili juu ya kofi la mwisho. Mizani ni ile ile, mapigo ni yale yale, mdundo umebadilika.

Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano yaliyofuata yaliendeshwa zaidi kwa kuhesabu silabi. Wengi walisema mashairi yake yamekosa mizani, na kwa kweli mengi hayakuifuata. Kutoka hapo wakaruka hadi kukosa mdundo, bila kuyasoma kwa sauti. (Watetezi wake nao walijibu zaidi kuhusu maudhui, jambo ambalo halikuwa limeulizwa.)

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliyekulia Isiolo alituletea shairi lake lenye mishororo isiyolingana, ambalo msahihishaji alikuwa ameliandikia pembeni: "Halina mdundo." Tulimwomba alisome. Alisoma huku mguu wake ukigonga sakafu, na goti halikukosea hata mara moja, ilhali mishororo mifupi ilisubiri na mirefu ikakimbia ili kuliwahi. Alama hazikubadilishwa.